Kamati ya Lusungu

Kila asubuhi Lusungu alivaa shati lililonyooka kwa pasi, akaning'iniza shingoni kitambulisho cha ghala ambalo lilikwisha kufungwa, akamuaga mkewe kwa sauti ya kufika hadi nyumba ya tatu, kisha akaenda kukaa benki.

Hakuwa na akaunti katika benki ile. Alichofuata ni kiyoyozi na viti. Alichukua namba ya foleni kama wenzake, akakaa, na namba yake ilipoitwa alikunja uso akitazama simu, mfano wa mtu aliyepata ujumbe mzito, akainuka kwenda kuchukua namba nyingine. Mtu akimpigia alinong'ona, "Nipo kazini, nitakupigia," akakata. Mambo yalimwendea vizuri mpaka siku mlinzi alipomfungulia mlango na kumuuliza, kwa upole kabisa, "Bosi, leo mbona umechelewa?"

Siku hiyohiyo akahamia hospitali, kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje, mahali ambapo mtu mwenye huzuni hashangazi mtu. Nesi mmoja akamuonea huruma, akamshika mkono, akampima presha. Presha ilikuwa juu.

"Yaani umeenda hospitali mzima, umerudi mgonjwa?" mkewe, Atuganile, alimuuliza jioni. Alijitahidi kuzuia kicheko, kikamshinda, akakaa chini pembeni ya cherehani yake huku akifuta machozi kwa kipande cha kitenge cha mteja.

"Cheka tu, Mama Vaileth."

"Sikucheki wewe, baba. Nacheka pasi. Kila alfajiri naamka kunyoosha shati la kwenda kuchukua namba!"

Basi walicheka wote wawili, kwa sababu kitu kingine cha kufanya hakikuwepo. Simu ikalia katikati ya kicheko. Alikuwa Gibson, kaka yake Atuganile, kapera mwenye nyumba Pugu na banda la nguruwe nyuma ya nyumba. Atuganile akaweka simu kwenye spika.

"Shemeji," alisema Gibson, "mwisho wa mwezi kodi yenu inaisha, si ndiyo? Hameni mje huku. Chumba kipo, kinapakana na banda, mtasikia nguruwe wakiamka. Kazi ni kazi. Nguruwe hana maneno kama mabosi wenu."

"Nitakujibu, shemeji."

"Usichelewe. Nimekuwekea nafasi."

Simu ilipokatika, kicheko kilikuwa kimekwisha. Kuhamia Pugu kulimaanisha binti yao Vaileth aache shule aliyoizoea, Atuganile awaache wateja aliowakusanya mtaani kwao Yombo Vituka kwa miaka, na Lusungu aishi chini ya shemeji ambaye hata chumvi angemuuliza ameitia kiasi gani.

* * *

Si kwamba Lusungu hakuomba msaada. Aliomba, tena sana. Ghala lilipofungwa alikaa kitandani akaandika ujumbe, akautuma kwa kila jina lililokuwa kwenye simu yake, kuanzia waliosoma naye mpaka fundi aliyewahi kumtengenezea friji:

"Ndugu, jamaa na marafiki, habari za majukumu. Mwenzenu natafuta kazi yoyote halali. Ukisikia popote, usinisahau. Mungu akubariki."

Majibu yalimiminika. "Amina." "Pamoja sana braza." "Nikisikia nitakushtua." Mmoja aliandika, "Na mimi pia." Baada ya hapo, kimya.

Watu wa mtaani peke yao ndio ambao hakuwatumia. Aibu ya mbali aliona inavumilika. Aibu ya jirani unakutana nayo asubuhi ukiwa na mswaki mdomoni.

Asubuhi iliyofuata baada ya simu ya Gibson, alikuwa anakatiza mbele ya duka la Mzee Matar, na kitambulisho chake kinameremeta. Familia ya Matar ilikuwa na duka pale tangu mtaa haujawa mtaa. Mzee aliuza kila kitu, na kwa kila kitu alikuwa na lalamiko lake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mkate hakuna, usiniulize! Gari la mkate litakuja saa sita. Saa sita mtu anakula ugali! Watu washakunywa chai na vitumbua, mkate unanikodolea macho mpaka unaota ukungu. Kila siku!"

"Pole sana mzee."

"Pole hailiwi. Hebu njoo, soma hii." Matar alimsogezea simu. "Imenifikia usiku kutoka Tanga, kwa shangazi wa mke wangu Khairiya. Kuna mja wa Mungu anatafuta kazi, masikini, hata jina hakuweka, hata namba. Wewe mtu wa ofisini, kitambulisho hicho shingoni. Msaidie."

Lusungu alisoma. *Ndugu, jamaa na marafiki, habari za majukumu.* Ujumbe wake mwenyewe. Ulikuwa umetoka Yombo, ukazunguka nchi, ukafika Tanga, ukarudi umechoka, na njiani ulikuwa umempoteza mwenyewe.

"Nita... nitamuangalia, mzee."

"Niahidi."

"Naahidi."

Tangu hapo hakupita mbele ya duka lile kwa amani.

"Yule mtu vipi?" Matar aliita kutoka nyuma ya mizani.

"Bado mzee, namshughulikia."

"Mshughulikie bwana, huenda ana mtoto."

"Anaye mmoja."

"Ah! Kumbe ushampata!"

"Tu... tumeongea kidogo."

"Yukoje?"

Lusungu alitazama viatu vyake. "Ana hali mbaya, mzee."

"Usimuache," alisema Matar, na machozi yakamlengalenga. Alikuwa mtu wa moyo laini, ilimradi jambo lisihusu mkate.

* * *

Atuganile aliposimuliwa hakuanguka kwa kicheko kama Lusungu alivyotarajia. Alisimamisha cherehani, akamtazama mumewe kwa muda mrefu, macho yake yakianza kuwaka.

"Baba Vaileth, nimekuwa katibu wa kamati ngapi za harusi mtaa huu?"

"Zote."

"Zote. Mtu akitaka kuoa hapa, anahangaika peke yake? Tunakaa kikao. Huyu ukumbi, huyu mapambo, huyu gari, huyu mpishi. Aliyeahidi tunamfuata mpaka chooni. Wewe unatafuta kazi, kitu kikubwa kuliko harusi, halafu unakwenda kukaa benki peke yako!"

"Sasa unataka kusema nini?"

"Nataka kamati."

"Kamati ya nini?"

"Ya kazi."

"Hakuna kitu kama hicho duniani, mke wangu."

"Jumamosi kitakuwepo."

Kabla Lusungu hajavua viatu, grupu lilikuwa limefunguliwa, jina lake Kamati ya Lusungu, na majirani wakaanza kuingizwa. Gibson naye akaingizwa, maana kaka humuachi nje. Ikahitajika picha. Atuganile alipekua simu nzima akitafuta picha ambayo mumewe anatabasamu, akaipata moja tu: ya siku ya ndoa yao bomani, wamesimama mlangoni kwa mkuu wa wilaya, shada la maua limepinda. Akaiweka hiyo. Kuhusu kikao aliandika tu: Jumamosi jioni, nyumbani kwa Lusungu, usikose.

Mtaa ukasoma kilichosomeka. Lusungu na Atuganile wanabariki ndoa kanisani. Hatimaye!

* * *

Jumamosi uani kulijaa viti vya plastiki na soda za moto, kwa kuwa barafu ilikuwa imechelewa. Mwalimu Kamugisha, mstaafu aliyeongoza kila kikao cha mtaa kwa sababu hakuna mwingine aliyependa kuongoza, alikuwa amevaa koti. Bi Khairiya, mke wa Matar, alifika na kipande cha kitambaa mkononi.

"Mie nawaambia mapema," alitangaza kabla hajakaa, "sare ni kijani cha embe bichi. Mkiniletea rangi ya udongo, sitoki ndani."

"Braza, gari ya maharusi tulia," alisema Marijani, kijana wa bodaboda. "Nimeshaongea na mshkaji wangu, ana chuma kama ya waziri."

Lusungu alimgeukia mkewe. Mkewe alitazama picha ya grupu, akaziba mdomo. Ndipo Lusungu alipoelewa.

"Kimya, kimya!" Mwalimu Kamugisha aligonga chupa kwa ufunguo. "Bwana harusi asimame, aeleze nia yake."

Lusungu alisimama. Njia mbili zilikuwa mbele yake. Angeweza kusema ndiyo, tunabariki ndoa, na kabla ya giza angekuwa na ukumbi, keki na gari la waziri, kisha mwisho wa mwezi aende Pugu kwenye nguruwe akiwa amependeza. Alishika kitambulisho shingoni. Akakivua, akakiweka mezani kati ya chupa.

"Mzee Matar," alisema.

"Naam."

"Yule mtu."

"Mtu gani?"

"Yule wa kwenye simu. Wa kutoka Tanga."

"Ehee! Kapata kazi?"

"Ni mie."

Matar alikitazama kitambulisho, akamtazama Lusungu.

"Wewe vipi?" aliuliza Matar. "Uliniambia unamshughulikia!"

"Nilikuwa namshughulikia."

"Uliniambia ana hali mbaya!"

"Si unamuona, mzee?"

Wa kwanza alikuwa Bi Khairiya. Mabega yalianza kumtikisika, akajifunika mtandio, kicheko kikapita katikati ya mtandio. Marijani akafuata, akaegemea kiti cha plastiki, kiti kikasalimu amri, wakaanguka wote, kijana na kiti. Mwalimu Kamugisha aligonga chupa akitaka utulivu mpaka soda ikamrukia koti. Matar mwenyewe alijaribu kukasirika, akashindwa, akabaki anapiga goti lake akisema, "Na nilimwombea dua! Kila sala namwombea, kumbe yupo hapa anakatiza na kitambulisho!" Lusungu akacheka mpaka akashika ukuta. Tangu ghala lifungwe hakuwahi kucheka mbele ya watu.

"Kwa hiyo," aliuliza Marijani kutoka chini, "sare hakuna?"

Bi Khairiya alijifuta macho. "Haya. Tumecheka, tumemaliza. Unataka kazi gani?"

"Yoyote tu, Bi Khairiya."

"Yoyote hiyo ndiyo nini?"

"Yoyote halali. Sichagui."

"Mwanangu, mtu akija dukani akaniambia 'nipe chochote', nampa nini? Namkodolea macho mpaka aondoke zake. Akiniambia nipe sukari nusu kilo, hata kama mie sina, nitamwambia nani anayo."

"Swali hilo limepitia kwa mwenyekiti?" aliuliza Mwalimu Kamugisha.

"Limepita juu yake," alijibu Bi Khairiya. "Lusungu, kule ghalani ulikuwa unafanya nini hasa? Sie miaka yote tunajua 'yupo ofisini'."

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Alikohoa, akaanza vibaya, akataja cheo chake kirefu ambacho hakikumsaidia mtu. Kisha akachukua chupa za soda.

"Haya ni magari," alisema. "Huku ni Kariakoo, huku Mbagala, huku Tegeta. Kila asubuhi mzigo unatoka. Kazi yangu ilikuwa kusema gari hili libebe nini, lianze na nani, lipite wapi, lifike kabla foleni haijaamka, lisirudi tupu." Chupa zilitembea mezani, zikapishana, zikakwepa kitambulisho ambacho sasa kilikuwa daraja la reli. Sauti yake ilibadilika. Hata mgongo ulinyooka.

"Kumbe!" Marijani alidakia. "Kama mie nikiwa na oda za sehemu tofauti, naanza na nani nisije nikatukanwa na wote."

"Hichohicho."

Matar alikuwa amezikodolea macho zile chupa, jambo lililomtia mkewe wasiwasi.

"Mkate," alisema hatimaye.

"Mkate gani?"

"Mkate wangu! Wa saa sita!" Alisimama. "Unatoka Kawe, kwa Muntasir, mtoto wa dada yangu, ndiye mwenye kiwanda! Magari anayo, mkate mzuri anao, lakini yanazunguka mji kama kuku aliyechinjwa! Na wewe kila asubuhi unapita dukani kwangu, nakulilia mkate, unanijibu 'pole mzee'!"

"Sikujua ni wa mpwa wako!"

"Hukuuliza!"

"Na wewe hukuniuliza kazi yangu!"

"Nikuulize nini, umening'iniza jibu shingoni!"

Atuganile alisimama kama anavyosimama katibu, kalamu sikioni. "Jamani, ahadi. Kamati hii haichukui hela. Kila mmoja anaahidi mtu mmoja, atakayeongea naye kabla ya Jumatano, na anamueleza hivi mlivyosikia kwenye chupa. Neno 'yoyote' ni marufuku."

Matar aliahidi Muntasir. Marijani akaahidi jamaa anayesafirisha vipuri. Mwalimu Kamugisha akaahidi mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa mkubwa katika kampuni ya malori: "Nilimchapa sana, lakini ananipenda." Kwenye grupu, sauti ya Gibson iliingia kutoka Pugu: "Kamati ya kazi? Kazi si ipo huku? Nguruwe wanasubiri!" Bi Khairiya aliomba simu hiyo isogezwe mbali na chakula.

* * *

Wiki ile mtaa haukupumua. Atuganile aliwafuata kama wadeni wa keki. "Mwalimu Kamugisha, ahadi yako bado." Mwalimu, ambaye kwa miaka alikuwa akiwaaibisha wengine kwenye vikao, alianza kupita njia ya nyuma. Mwanafunzi wake alikuwa anamkumbuka vizuri, na ndiyo sababu hakupokea simu. Jamaa wa Marijani alitaka mtu wa kubeba vipuri mgongoni. Wote walitoa taarifa kwenye grupu, tena kwa kirefu.

Ikabaki Kawe.

"Nisikilize," Bi Khairiya alimwambia Lusungu dukani, sauti chini. "Muntasir usimuombe kazi. Kila ndugu anamuomba kazi, akisikia neno hilo anakumbuka ana safari. Muombe akuonyeshe magari yakitoka. Asubuhi moja tu."

Alfajiri Lusungu alisimama kwenye lango la kiwanda cha mikate, shingo tupu. Muntasir alitoka na unga kwenye nyusi na simu mbili, zote zinaita.

"Mjomba kaniambia. Karibu, angalia. Ila kazi sina, bro."

"Sijaja kuomba kazi," alisema Lusungu, na maneno hayo yalikuwa mageni mdomoni mwake hata akataka kuyarudia.

Aliangalia. Aliongea na madereva, akawauliza wanapita wapi na wanakwama wapi. Magari yalipakiwa, yakawasha, yote yakaelekea upande mmoja.

"Mbona yote yanaanza Mbezi Beach?"

"Ni karibu," alisema Muntasir.

"Watu wa Mbezi Beach wanaamka saa ngapi?"

Muntasir alifikiri. "Wengine ndiyo wanalala saa hizi."

"Na wa Yombo?"

"Sijui."

"Saa kumi na moja wako barabarani, wanatafuna wanatembea. Mkate wako unawakuta washashiba. Gari moja lianze kule mbali barabara zikiwa tupu. Mbezi Beach watasubiri, wana friji."

Muntasir alicheka, unga ukamdondoka. Akazima simu moja.

"Kaa wiki hii. Nauli na chakula juu yangu. Lakini si kazi, tumeelewana?"

"Si kazi," alikubali Lusungu.

Siku ya pili ya jambo hilo lisilokuwa kazi, gari lilipiga honi mbele ya duka la Mzee Matar kukiwa bado hakujapambazuka vizuri. Matar alitoka na msuli, mswaki mdomoni.

"Nani huyo?"

"Mkate, mzee!" Lusungu alijibu kutoka garini.

"Saa hizi?"

"Si ulitaka wa chai?"

Alipokea trei kifuani. Mkate ulikuwa wa moto, ukampasha mpaka kwenye ndevu. Alifungua mdomo alalamike, akautazama mkate, akautazama mtaa ambao watu wake walikwisha kuanza kumsogelea, akafunga mdomo. Kwa mtu kama Matar lile lilikuwa pigo, na ilimchukua mpaka jioni kupona, alipogundua kwamba mkate umekwisha mapema na wateja wanamlalamikia yeye.

Wiki ilipoisha, Muntasir alimuita Lusungu ofisini. "Ile si-kazi yetu," alisema, akimsogezea kalamu. "Hebu weka sahihi hapa."

* * *

Kamati ya harusi ikimaliza shughuli huvunjwa, na huvunjwa kwa chakula. Atuganile hakutaka ya kwake ivunjwe kikavu. Pilau lilipikwa, soda safari hii zilikuwa na barafu, na mkate ulikuwa mwingi kuliko mahitaji. Bi Khairiya alikuja amevaa kijani cha embe bichi, kwa kuwa kitambaa alishanunua. Kodi ilikuwa imelipwa. Na Gibson alifunga safari kutoka Pugu, na kofia mkononi.

"Shemeji, hongera," alisema. "Kwa kweli nimefurahi. Ila sasa mie... nguruwe wangu nani atawatunza? Nimemwambia kila mtu. Nimetuma meseji kwa simu nzima. Wananijibu 'amina'."

Bi Khairiya alivuta mtandio mpaka puani. "Astaghfirullah." Akajizuia. Ikamshinda. "Unataka mtu gani?"

"Yeyote," alisema Gibson.

Uani pote palilipuka. Marijani alishika kiti chake mapema kisije kuvunjika tena. Lusungu, akicheka, aliburuta kiti kingine mpaka katikati, akakipangusa.

"Kaa hapa, shemeji. Sema kazi yenyewe ni nini, mshahara kiasi gani, na kile chumba kiko umbali gani na banda."

"Pua inazoea," alisema Gibson kwa sauti ndogo.

"Mimi kwenye hili niko upande wa mtu," alisema Bi Khairiya kupitia mtandio. "Mnyama simjui."

"Kamati haijavunjika!" alitangaza Mwalimu Kamugisha, na furaha yake haikufichika.

Atuganile alichukua simu palepale. Akabadili jina la grupu likawa Kamati ya Gibson, akawaongeza ndugu wote wa kwao Tukuyu na majirani wa Pugu. Ile picha ya ndoa hakukumbuka kuigusa.

Alfajiri yake simu ya Lusungu iliita. Alikuwa Kawe, kati ya magari yanayonguruma, mikono imejaa harufu ya mkate.

"Shemeji!" Gibson alikuwa analia au anacheka, haikujulikana. "Tangu usiku watu wananipigia! Mama mdogo ananiuliza bibi harusi ni wa wapi! Mchungaji anataka tarehe! Mmoja ananiuliza sare ni rangi gani! Nifanye nini?"

Dereva wa gari la Yombo aliinua mkono kuuliza kama aondoke. Lusungu akamuashiria aende.

"Shemeji," alisema, kwa sauti kubwa, wala hakunong'ona, "nipo kazini. Nitakupigia."